Treni, Roboti na Wanasesere: Albamu Tatu za Stimupanki, Uanze na Ipi?

Kuna albamu ambazo ni mkusanyiko wa nyimbo, na kuna albamu ambazo ni kisa kimoja kilichogawanywa kwenye nyimbo. Hizi za pili ukiruka wimbo wa nne, wa tano unakuta watu wanamlilia marehemu ambaye hukujua hata kama alikuwa anaumwa. Stimupanki imezipenda sana albamu za namna hii. Ni mtindo wa kubuni unaoiwaza dunia ambamo teknolojia ya karne ya 19 iliendelea kwa njia yake yenyewe: mvuke, shaba, gia, meli za angani, mitambo inayofikiri na kuhuzunika. Waimbaji wake hupanda jukwaani wakiwa wahusika tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na wengi wao hujirekodi na kujiuzia kazi zao bila kampuni kubwa nyuma yao. Kinachopatikana kiko katikati ya muziki na mchezo wa redio.

Anayetaka kuanza hukutana na majina matatu yanayotajwa tena na tena, kisha anakwama. La kwanza ni The Bifrost Incident (2017) ya The Mechanisms, bendi iliyozaliwa Oxford, Uingereza. La pili ni The Vice Quadrant (2015) ya Steam Powered Giraffe wa San Diego, Marekani. La tatu ni The Dolls of New Albion (2012) ya mtunzi Paul Shapera, ambayo si ya bendi kwa maana kamili, ni opera ya mtu mmoja aliyekusanya waimbaji. Zote tatu nazipenda, na nimeona watu wakizikimbia zote tatu kwa sababu tu walianza na isiyowafaa.

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza kisa: je, ukisikiliza tu, bila kusoma chochote pembeni, utakishika? Pili muziki wenyewe: ukiutenga na kisa, bado ungeusikiliza? Tatu utamthilia, maana hapo ndipo kazi hizi zinapotofautiana na rock ya kawaida. Nne Kiingereza chake, jambo ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawaligusi kwa sababu haliwahusu, lakini kwetu ndilo linaloamua kama mtu atafika wimbo wa sita. Tano muda, bando na pesa.

Kisa

Katika The Bifrost Incident, treni iitwayo Ratatosk Express inaondoka Asgard kwenda Midgard ikiwa na wakubwa wa dola ndani yake, na haifiki. Miaka 80 inapita. Kisha treni inatokea. Inspekta Lyfrassir Edda wa polisi wa usafiri wa New Midgard anapewa kinasa sauti cha treni hiyo, na kazi yake ni kusikiliza na kueleza kilichotokea. Watu waliomo ni wa ngano za Kinorse, yaani za watu wa kale wa Skandinavia, ila wamevalishwa upya. Odin ni mwanamke mtawala. Loki, mwenzi wake Sigyn na Thor kila mmoja ana deni lake la kulipa au kudai.

Kinachonivutia ni namna kisa kilivyojengwa kwa ajili ya sikio. Inspekta anasikiliza, na wewe unasikiliza. Hajui kitakachofuata, nawe hujui. Sauti yake inaanza kavu, ya afisa anayejaza fomu, na kadiri mabehewa yanavyofunguka unasikia utulivu ule ukimtoka taratibu. Kilichoanza kama upelelezi kinaishia kwenye kitisho cha aina ya viumbe ambavyo akili ya binadamu haiwezi kuvibeba. Huhitaji kujua ngano za Kinorse, ingawa ukijua mambo mawili (kwamba Loki ni mjanja asiyeaminika, na kwamba Ragnarok ni mwisho wa dunia) utafaidi zaidi.

The Vice Quadrant haikushonwa kwa ukaribu huo. Steam Powered Giraffe wana hadithi yao kubwa inayozunguka kila albamu: roboti waimbaji waliobuniwa mwaka 1896 na Peter Walter, ambao waliwahi kupigana na tembo wa shaba wa hasimu wake Becile, waliopelekwa Afrika. Albamu hii inawahamishia angani, kwenye sayari za mbali, mwanaanga aitwaye Cosmo, na nyota ya maangamizi iitwayo Necrostar. Ni visa vingi vinavyokaa ndani ya anga moja. Ukipoteza uzi, wimbo unaofuata unakupokea bila kukudai chochote.

Hapo kwenye mwaka 1896 nisimame kidogo. Kwa bendi ile ni mwaka wa roboti wapole wanaoimba. Kwetu ndio mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka Mombasa, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na ndio mwaka ambao tarehe 27 Agosti manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar katika vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Mvuke na shaba vilitufikia vikiwa na bunduki pembeni yake. Simwambii mtu aache kuipenda bendi kwa ajili hiyo, mimi mwenyewe sijaacha. Ila Afrika ya tembo wa shaba ni pazia tu la nyuma ya jukwaa, haina watu wanaosema. Katika albamu hizi tatu, hiyo ya treni ndiyo peke yake inayouliza dola lilijengwa kwa gharama ya nani, na kwa sababu hiyo msomaji wa pwani anaweza kuisikia kwa sikio jingine kabisa.

The Dolls of New Albion ina kisa kilicho wazi kuliko zote, na kizito kuliko zote. Imegawanywa sehemu nne, na kila sehemu ina kizazi chake cha familia ya McAlistair. Annabel, mwanasayansi, anagundua namna ya kumrudisha marehemu kwa kumtia ndani ya mwanasesere. Anamrudisha Jasper, kijana aliyempenda kwa mbali. Jasper hakuomba kurudishwa. Edgar, mtoto wa Annabel, anaukuta ugunduzi huo na kuufanya biashara: mfiwa analipa, anarudishiwa mtu wake akiwa ndani ya mwili wa bandia. Kutoka hapo mambo yanamwagikia mitaani, yanakuwa siasa, na wajukuu na vitukuu wanarithi kosa ambalo hawakulifanya. Muundo wa vizazi unafanya kisa kishikike kirahisi. Kila sehemu inapoanza unajua tumehama, na msimulizi anakushika mkono.

Muziki

Ukivitoa visa, anayebaki na nyimbo nyingi za kusimama peke yake ni Steam Powered Giraffe. Waimbaji wake wanapanga sauti zao kwa ustadi wa vikundi vya zamani vya Marekani, sauti tatu zikienda pamoja kama zimetoka koo moja, na viitikio vyao vinakaa kichwani siku nzima. Katika The Vice Quadrant wanapita kwenye mitindo mingi: rock, nyimbo za taratibu zenye gitaa, vipande vyenye ladha ya filamu za zamani za anga. Upana huo ndio raha yake na ndio udhaifu wake, maana katika diski mbili zipo nyimbo ambazo zingeachwa na albamu isingepungukiwa.

The Mechanisms wanaegemea kwenye muziki wa kijadi wa Uingereza: fidla, banjo, mandolini, sauti nyingi zinazoimba pamoja kama wako klabuni. Katika albamu yao ya kwanza ya 2012 walichukua tahadhari ndogo sana kuficha chanzo; walibeba tuni za kale zinazojulikana wakazimiminia maneno mapya. Msikilizaji wa taarabu hatashangaa, maana tuni ngapi za filamu za Kihindi zimevikwa mashairi ya Kiswahili Zanzibar, Mombasa na Tanga, na watu wakazipokea kama zao? Kwenye The Bifrost Incident muziki umekomaa zaidi na umekuwa na giza. Nyimbo zenye majina ya wahusika, kama ule wa Loki na ule wa Thor, zinasikilizika peke yake. Nyingine zinahitaji kisa kizibebe, hasa za mwishoni, ambapo sauti zinagongana kwa makusudi na anayepita tu barazani atadhani spika imeharibika.

Shapera anaandika kama mtu wa jukwaa la opera anayependa pia kinanda cha baa na mitambo ya elektroniki. Hakuna maongezi makavu, karibu kila kitu kinaimbwa. Tuni moja itatokea sehemu ya kwanza kwa furaha na kurudi sehemu ya tatu imevunjika, na ukiitambua utasimama ulipo. Lakini usitarajie wimbo wa kuuweka kwenye matatu.

Utamthilia

Jukwaani Steam Powered Giraffe hawana mpinzani. Bendi ilianza mwaka 2008 ikiongozwa na mapacha wa familia ya Bennett waliosomea sanaa ya kuigiza bila maneno, na walianza kwa kutumbuiza nje, katika bustani ya Balboa Park. Wanapaka nyuso rangi za madini, mmoja fedha, mwingine shaba. Mkono ukiinuka unapanda kwa vipande, unasimama, unatetemeka kidogo kama ulioishiwa mvuke, kisha unamalizia safari. Kati ya wimbo na wimbo wanataniana, mmoja anakwama neno na kulirudia kama santuri iliyokwaruzika. Hayo yote huyapati kwenye albamu. The Vice Quadrant ukiisikiliza bila kuwahi kuwaona umepata nusu ya kazi, kwa hiyo tafuta kwanza video yao moja ya jukwaani.

The Mechanisms nao walikuwa wahusika kamili: mabaharia wa anga wasiokufa, wenye chombo kiitwacho Aurora, wanaosafiri nyota kwa nyota wakitafuta vita na visa vya kusimulia. Jonny d'Ville, anayetajwa kuwa ofisa wa kwanza wa chombo hicho, aliigizwa na Jonathan Sims, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa podikasti ya kutisha ya The Magnus Archives. Tofauti yao na wenzao wa San Diego ni kwamba utamthilia wao umo ndani ya rekodi yenyewe. Kila mhusika ana mwimbaji wake, msimulizi anaingia na kutoka, na ukifumba macho unaona behewa. Walifunga kazi Januari 2020 kwa onyesho la mwisho ambalo rekodi yake ilitolewa kwa jina Death to the Mechanisms. Anayetaka kuwaona ana video na rekodi tu.

The Dolls of New Albion haina bendi ya kuitazama, ina waimbaji waliopewa nafasi zao kama katika tamthilia yoyote. Utamthilia wake ni wa sauti na wa ukimya kati ya sauti. Kwa upande huu inawafaa sana watu wa vikundi vya maigizo, kwa sababu imekaa kimuswada. Unaisikiliza huku ukipanga kichwani nani aingie kutoka upande gani.

Kiingereza chake

Rahisi kuliko zote ni The Vice Quadrant. Matamshi ni ya Marekani, yanayosikika vizuri, viitikio vinarudiwa, na usipoelewa ubeti mmoja hujapoteza hadithi.

The Dolls of New Albion iko katikati. Maneno yanatamkwa kwa uangalifu na kwa mwendo wa kufuatika, lakini ni mengi, na mawazo yake yanataka utulivu. Ukisikiliza ukiwa unapika utashika nani amekufa, na utapoteza kwa nini.

Ngumu zaidi ni The Bifrost Incident. Lafudhi za Uingereza, majina ya Kinorse yanayokuja matatu kwa pamoja, na mistari inayokimbia. Dawa yake ni kufungua mashairi yake, yanapatikana mtandaoni, na kuyafuata kwa macho mara ya kwanza. Mara ya pili weka simu chini. Nimeshuhudia watu waliosoma Kiingereza hadi chuo wakikata tamaa dakika ya kumi, na wengine wenye Kiingereza cha kawaida wakifika mwisho na kurudia, kwa sababu tu walikuwa na mashairi mbele yao.

Muda, bando na pesa

Fupi kuliko zote ni The Bifrost Incident, unaimaliza kwa kikao kimoja. The Dolls inataka jioni yako, ingawa sehemu zake nne zinakupa pa kupumzika. The Vice Quadrant ni ya diski mbili. Nakushauri uigawe siku mbili, diski moja moja.

Kwenye bando hesabu yake si ngumu. Muziki unaotiririka kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kwa dakika, yaani kama MB 58 kwa saa. Ukiweka kiwango cha juu cha 320 inafika kama MB 144 kwa saa. Albamu hizi husikilizwa mara kwa mara, kwa hiyo anayetumia bando la siku ni nafuu ainunue au aipakue mara moja akiwa na waifai kuliko kuitiririsha kila wiki.

The Mechanisms na Shapera wanapatikana Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako unaweza kusikiliza kabla ya kulipa, kisha ukapakua faili likawa lako. Malipo ni kwa kadi au PayPal, na kwa aliye Kenya kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, hurahisisha malipo ya nje ya namna hii. Steam Powered Giraffe wana duka lao na wako kwenye majukwaa makubwa ya muziki. Kwa wasanii wasio na kampuni nyuma yao, albamu moja iliyonunuliwa inawafikia kwa namna ambayo kusikiliza kwa kutiririsha hakufiki, na mimi huwahimiza watu wanunue angalau ile waliyoipenda zaidi.

Chochote utakachochukua, zima ule mpangilio wa simu wa kuchanganya nyimbo. Kwa albamu ya kisa kimoja ndio unaoua kila kitu.

Nani achukue ipi

Kama wewe ni mpenzi wa hadithi za upelelezi au za kutisha, na ulikulia kwenye michezo ya redio kiasi kwamba sauti peke yake inakutosha, anza na The Bifrost Incident. Ukiimaliza na ukaitaka zaidi bendi hiyo, rudi nyuma kwenye High Noon Over Camelot (2014), ambayo inawachukua mashujaa wa Mfalme Arthur na kuwavisha kofia za wachunga ng'ombe. Haifai kwa watoto: ina damu, ina matusi, na mwisho wake hauna huruma.

Kama unasikiliza pamoja na watoto, au muziki kwako kwanza ni tuni na kisa baadaye, au Kiingereza kinakuchosha baada ya kazi, chukua The Vice Quadrant. Anza na video, kisha diski ya kwanza. Watoto wataanza kutembea kiroboti sebuleni kabla hujafika katikati.

Kama unaongoza kikundi cha maigizo shuleni, chuoni au mtaani, au unaandika tamthilia mwenyewe, The Dolls of New Albion itakufundisha mengi kuliko hizo mbili, hasa namna ya kuvusha kisa vizazi vinne bila kumpoteza msikilizaji. Ni ya kwanza katika mfululizo wa tatu. Ya pili ilitoka 2013 na ya tatu 2014, kwa hiyo ukinogewa kazi ipo.

Lakini kama umefiwa karibuni, iache kwanza hiyo ya wanasesere. Sehemu ya Edgar, watu wanavyopanga foleni kununua marehemu wao, inagusa pale pale panapouma, na haikupi pa kushika. Chukua ya roboti, na hiyo nyingine itakusubiri.

Kama kisa hukitaki kabisa, unataka mavazi ya shaba, ngoma nzito na kucheza, basi huenda hakuna kati ya hizi tatu inayokufaa. Watafute Abney Park wa Seattle, uanze na The End of Days (2010). Wana meli yao ya angani na safari za kuvuka zama, lakini nyimbo zao unaweza kuzisikiliza kwa mpangilio wowote.

Na kwa walioko Uingereza: mji wa Lincoln una tamasha la stimupanki liitwalo Asylum, lililoanza mwaka 2009, linalofanyika mwisho wa kiangazi. Ukiwa huko, hata kama hujaamua, utasikia bendi za mtindo huu zikiwa hai na kuchagua kwa masikio yako mwenyewe.